Taa ya Maji, Tangi Bovu

Limekuja tena, Ngwandu, boza lako la bluu,
na ile taa yake nyekundu inayosema hakuna maji
wakati mgongoni limebeba lita elfu kumi.
Leo limekuja tupu, kama kawaida. Gereji haliji na mzigo.

Nainua kebini. Chupa ya akiba imejaa hadi mstari wa juu.
Nawasha: kimya.
Naigonga chupa kwa mpini wa bisibisi: kimya.
Natikisa waya, nachomoa soketi, naipulizia, narudisha:
kimya, kama mtoto aliyekesha na homa
akapona mlangoni pa zahanati.

"Jana Goba iliwaka mara nne, Fundi Mwasiti."
Nakuamini. Ila mita yangu haisomi jana.

Jumatatu nilikuuzia sensa ya Gerezani
(sensa hii haihesabu kaya,
swali lake ni moja tu: maji, upo?)
Jumanne ikawaka Madale, mbele ya wateja,
kinamama na ndoo zao wakacheka hadi wakakaa chini:
muuza maji kaishiwa maji!
Jumatano ukabandika selotepu nyeusi juu ya taa
ukaendesha kama mtu aliyeziba sikio.

Hiyo selotepu ndiyo iliyoninyima usingizi.
Wahenga hawakuwahi kuinua kebini, lakini walijua:
lisemwalo lipo,
na kama halipo, laja.
Siku mpira wa rejeta utakapopasuka kweli
nani atasoma chini ya selotepu?
Nimeiona injini ya dizeli iliyokufa hivyo, hapa hapa Tangi Bovu:
kichwa kimepinda,
oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa,
na dereva kakaa juu ya tairi, kashika simu,
hampigii tajiri.

Basi nikauliza swali la kijinga:
inawaka ukienda au ukirudi?
Ukakuna kidevu.
Nikienda.
Na ukirudi?
Ukirudi haijawahi.
Ukienda limejaa. Ukirudi tupu.
Yaani siku tatu nimelipima gari lenye njaa
nikitafuta ugonjwa wa shibe!

"Tulijaze," nikasema.
Ukalia na dizeli, ukalia na foleni, ukalia na bei ya kisima.
Tukalijaza kwa Mama Sikujua, palepale nyuma ya ukuta.
Springi zikalala. Chesisi ikapinda,
kidogo tu, unene wa ukucha.
Na taa ikawaka, imesimama, haijatembea hata hatua,
tena nikashangilia kama mwendawazimu.

Nikachomoa soketi, nikaziunga pini zake mbili kwa kipande cha waya.
Bado inawaka.
Basi sensa haina kosa. Wala ile ya zamani haikuwa nalo.
Anayeona aliona, anayeambiwa alikuwa tayari kusikia;
neno lilipotelea njiani.

Nikaingia chini, tochi mdomoni, nikiufuata waya kwa vidole,
mita ikilia pii, pii, pii,
nyuma ya betri, pii, kwenye kona ya chesisi, pii,
kisha hamna.
Waya wa ethi. Ganda zima, jeusi, zuri hata la kupigia picha;
ndani shaba imeota kijani, imekatika,
ncha mbili zinagusana gari likiwa tupu
na kuachana kila likishiba.

Nimekata, nimeunga upya, nimekwangua kutu, nimepaka grisi.
"Waya wenyewe shilingi ngapi?" ukauliza.
Mia tano.
"Na siku tatu?"
Nikajifanya natafuta spana.

Umebandua selotepu, gundi imeacha alama ya mraba.
Sasa hivi uko mlima wa Goba, gia ya pili.
Simu yangu iko mezani, uso juu.
Haijalia.
Sensa yako ya zamani iko kwenye kopo la misumari,
nimeifuta vumbi.
Njoo uichukue, Ngwandu.
Na ile pesa ya Jumatatu,
njoo, tutaongea.